Nauli ya Kutoka Mutha

Ukitaka kujua kama andiko la kuomba ruzuku ya utafiti limetoka mkononi mwa fundi, usianze na utangulizi. Utangulizi siku hizi kila mtu anaujua: saratani ya mlango wa kizazi inaua, mwaka 2022 Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya 5,845 na vifo 3,591, wengi huja hospitalini wakiwa wamechelewa. Fungua bajeti. Pita mishahara, pita mashine na dawa za maabara, teremka mpaka kwenye vijistari vya mwisho ambavyo wengi huvijaza usiku wa manane siku ya kufunga maombi. Kisha tafuta nauli ya washiriki.

Tuseme utafiti ni wa Kitui Kusini. Kama nauli ni ile ile kwa kila mwanamke, basi mwandishi hajatoka ofisini. Mama wa Ikutha yuko kando ya lami; barabara ya kutoka Kibwezi hadi mjini Kitui inapita kwao, naye atasimama na mkoba wake angoje matatu. Mama wa Mutha ana boda boda kwanza, kwenye mchanga na makorongo, na mwenye boda anajua hana mshindani. Mvua ikinyesha bei inapanda, au safari haipo kabisa. Fundi huandika nauli mbili, wakati mwingine tatu, na kando ya ile ndefu huweka pesa ya kulala mjini usiku mmoja na chakula cha mtu wa pili, kwa kuwa mama wa mbali haji peke yake: amebeba mtoto anayenyonya, au amefuatana na dada yake. Mistari yote hiyo haizidi minne, na mhakiki aliyeko ng'ambo huenda asiitazame mara mbili. Lakini ikikosekana, miezi kumi na minane baadaye wanawake wa Mutha watakuwa wamepotea kwenye jedwali la matokeo, na jedwali litatueleza afya ya wanaoishi karibu na lami huku likijiita utafiti wa Kitui Kusini.

Naupenda ufundi huu kwa sababu haupigiwi makofi. Nesi akiokoa mtu tunamwona. Daktari wa upasuaji tunamsikia redioni. Aliyeketi miezi minne akipanga swali, idadi ya washiriki, chupa za sampuli na nauli, tunamwita mtu wa kutafuta pesa, tena kwa kejeli kidogo, kana kwamba pesa hizo angezila yeye.

Pesa zenyewe zipo, ingawa haziko karibu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuitengea asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, kwenye karatasi. Serikali haijawahi kufika hapo. Kwa hiyo anayetaka kuchunguza saratani za viungo vya uzazi vya mwanamke hutazama nje: Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, hasa Kituo cha Fogarty chenye ruzuku iitwayo K43 ya kuwalea watafiti chipukizi wa nchi kama yetu, Wakfu wa Gates, ambao Agosti 2025 ulitangaza dola bilioni 2.5 za utafiti wa afya ya wanawake hadi 2030, na vyama vya wanataaluma wa saratani kama AORTIC cha Afrika na IGCS cha kimataifa. Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku zinazopitisha pesa kwa washirika wa nchi za nje mpaka utaratibu mpya uundwe. Tangu siku hiyo, kuwa na andiko lenye jina lako juu yake, badala ya kukaa chini ya mwavuli wa profesa wa ng'ambo, si suala la fahari tu.

Na hata kwenye saratani hizi kuna mtoto wa kambo. Mlango wa kizazi angalau una chanjo, una kipimo, una wafadhili. Ovari, mfuko wa uzazi, uke na vulva hugombania makombo. Nasema hivi halafu narudi mwenyewe kwenye mlango wa kizazi, kwa kuwa ndiko Ukambani ilikoweka alama.

Maombi ya NIH hudai ukurasa mmoja wa malengo. Ni ukurasa mmoja tu, na ndio unaosomwa na kila aliye mezani. Hapo fundi na mwanagenzi wake huachana. Mwanagenzi hujaza kila anachotamani kujua. Fundi huuliza jambo moja ambalo jibu lake, liwe ndiyo au liwe la, litambadilishia mtu kazi yake kesho asubuhi. Mfano ninaourudia kila nipatapo msikilizaji ni utafiti wa KEN SHE. Swali lake laingia kwenye pumzi moja: je, dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, yatosha? Ulifanyika Thika, Nairobi na Kisumu kwa pesa za Wakfu wa Gates, na waliouongoza ni watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, miongoni mwao Nelly Mugo, Maricianah Onono na Elizabeth Bukusi, pamoja na Ruanne Barnabas aliyekuwa Chuo Kikuu cha Washington. Wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Mawili yalichanjwa HPV, kila moja kwa chanjo ya aina yake. La tatu, la kulinganishia, lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo.

Tua hapo kwenye kundi la tatu. Wangeweza kuwadunga maji ya chumvi na hesabu zingetoka sawa. Walichagua kitu chenye faida kwa msichana mwenyewe, na ikaandikwa tangu mwanzo kwamba mwisho wa kazi kila kundi lipate ile chanjo liliyoikosa. Hakuna aliyetumiwa kisha akaachwa mikono mitupu. Uamuzi wa namna hiyo unapaswa kuwa umeingia kwenye bajeti kabla mshiriki wa kwanza hajafika, maana ukija kuukumbuka baadaye, pesa za dozi za mwisho hazipo.

Baada ya miezi 18 walihesabu waliopata maambukizi yaliyodumu ya HPV aina ya 16 au 18, zile mbili zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani hii. Walikuwa 38. Kati yao 36 walitoka kundi la kulinganishia, mmoja alitoka kila kundi lililochanjwa. Kinga ya asilimia 97.5, kwa sindano moja. Matokeo yalichapishwa Aprili 2022. Mwezi huo huo wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani kuhusu chanjo wakaunga mkono dozi moja, Desemba shirika lenyewe likaiandika kwenye msimamo wake, na Kenya ikahamia dozi moja mwaka 2025.

Uzito wa swali hilo anaujua vizuri mtu aliyekuwa Kitui mwaka 2013. Mei mwaka huo, kwa msaada wa Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa darasa la nne katika kaunti hiyo, mradi wa majaribio ulioendelea hadi 2015, miaka minne kabla chanjo haijazinduliwa nchi nzima Oktoba 2019. Wakati ule ilikuwa dozi tatu ndani ya miezi sita. Gavi ilikuwa imepata bei ya dola 4.50 kwa dozi, na bei hiyo ndiyo iliyotangazwa kila mahali. Lakini gharama ya kuifikisha Tseikuru mara tatu haipangwi kiwandani. Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Dozi tatu ni shule moja mara tatu: nesi, kisanduku cha baridi, gari, mafuta, na mwalimu wa kukumbuka ni nani hakuwepo safari iliyopita. Msichana aliyeugua siku ya pili, au aliyehamia kwa nyanya yake Mwingi muhula wa tatu, hubaki na dozi moja au mbili, na kwenye ripoti huingia safu ya waliokatiza.

Mwanagenzi huiona safu hiyo kama aibu ya mradi. Fundi huiona kama data. Hili limewahi kutendeka, nchini India. Huko utafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ulilenga kulinganisha dozi mbili na tatu, lakini Aprili 2010 serikali ikasimamisha uchanjaji katika tafiti zote za HPV, kwa sababu zisizohusu utafiti huo. Karibu wasichana 5,000 wakabaki na dozi moja bila mtu kupanga hivyo. Mwingine angefunga mafaili. Wale waliandika upya mpango wao, wakaomba pesa za kuwafuatilia wote, na mwaka 2021, baada ya muongo mzima, wakachapisha kwamba dozi moja iliwakinga kwa asilimia 95.4 dhidi ya maambukizi yaliyodumu ya aina zile mbili. Kumwandikia mfadhili kwamba mpango umevunjika, kisha kumwonyesha kwamba vipande vyake vina thamani kuliko mpango mzima, sijui kazi ya kalamu iliyo ngumu kuliko hiyo.

Sasa tuchukue ukurasa mtupu tuone fundi angeuanzaje Ukambani.

Mto Athi, kwa sehemu kubwa, ndio mpaka wa Kitui na Makueni. Ng'ambo zote mbili ni Wakamba, wanalima ndengu na mbaazi, wanategemea mvua ile ile ya Oktoba. Msichana wa darasa la nne mwaka 2013 upande wa Kitui alifikiwa na chanjo. Binamu yake wa upande wa Makueni hakufikiwa, na chanjo ilipokuja kote mwaka 2019 ilikuwa ya wasichana wa miaka 10. Yeye alikuwa keshapita. Mpaka wa kaunti umepiga kura ambayo hakuna kamati ya maadili ingeiruhusu. Je, leo maambukizi ya HPV kwa mabinamu hawa yanatofautiana?

Hapo mwanagenzi huanza kuhesabu washiriki. Fundi hugeuka kwanza akalishambulia swali lake mwenyewe. Tangu 2016 Makueni ilikuwa na MakueniCare, mpango wa matibabu ambao familia ililipia shilingi 500 kwa mwaka. Huenda wanawake wake wamekutana na nesi mara nyingi zaidi, basi ukilinganisha saratani au vidonda vilivyotibiwa utakuwa unalinganisha kliniki, si chanjo. Wasichana huolewa ng'ambo ya mto. Wakimaliza kidato cha nne huenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi. Fundi huyaandika haya yote waziwazi, kisha huongeza ulinganisho wa pili utakaoukagua wa kwanza: walio katika shule zile zile za Kitui waliokuwa darasa la tano mwaka ule, ambao mradi uliwaruka kwa mwaka mmoja tu. Halafu wa tatu: waliopata dozi moja, mbili na tatu, kila mmoja kwa safu yake. Sehemu ya udhaifu wa utafiti ndiyo ninayoisoma kwa raha kuliko zote katika kazi ya fundi. Wengine huiandika kama mtu anayeungama. Yeye huiandika kama mtu anayekuonyesha njia ya kupita usiku, hapa kuna shimo, hapa shika ukuta.

Kisha kipimo. Kwa miaka mingi zahanati zetu zimetumia siki. Nesi hupaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi na kungoja dakika moja. Kwa aliyelala pale dakika hiyo ni ndefu, na nesi mzuri huijaza kwa mazungumzo, mvua imefika kwenu, mbuzi wanaendeleaje, jicho lake likiwa halijatoka pale pale. Anatafuta weupe. Si weupe wowote: unaotakiwa ni mzito, una kingo zinazoonekana, umegusa ule mpaka ambapo ngozi ya nje hukutana na ya ndani. Weupe hafifu unaofifia upesi waweza kuwa uvimbe tu au kidonda kinachopona. Taa dhaifu yenye mwanga wa manjano itamdanganya. Ni ufundi halisi, na waliobobea wanastahili heshima yao, lakini manesi wawili waweza kumtazama mama mmoja wakatoa majibu mawili, na hilo limeonekana kila mahali kipimo hiki kilipochunguzwa.

Kwa hiyo kwenye utafiti wetu fundi angechagua kipimo cha vinasaba vya HPV, ambacho mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia kwa kijiti chenye brashi laini. Nesi hamwondoi. Anamweka pale anapohitajika zaidi, kwa watakaokutwa na virusi, na kumpa kifaa cha kuunguza vidonda kwa joto kinachoshikwa mkononi na kutumia betri. Kile cha zamani cha kugandisha kilihitaji mtungi wa gesi, na aliyewahi kufikisha mtungi wa gesi Kyuso hatakuuliza kwa nini. Kwenye bajeti utaona betri ya pili kwa kila kifaa. Halafu utaona mstari wa rufaa: atakayekutwa na saratani yenyewe atahitaji mionzi, na safari hiyo kwa kawaida huishia Nairobi, tena haiwi ya siku moja. Andiko lisilo na mstari huo linataka kumwambia mwanamke ana nini na kumwacha alipo. Kamati ya maadili italirudisha, na ikitokea haikulirudisha, ningeishangaa kamati.

Kalenda nayo ina ufundi wake. Mradi unaofuata mwaka wa bajeti wa mfadhili utajikuta ukiwaita washiriki Novemba, mvua ikiwa imeshika na kila mkono uko shambani. Ukambani mvua za mwisho wa mwaka ndizo zinazolisha watu, si zile za Machi. Nani ataacha kupalilia ndengu aje kupimwa ugonjwa asiousikia mwilini? Fundi huiacha Novemba kwa kazi za ofisini, kusafisha data na kukagua friji, na kuandikisha watu huanza baada ya mavuno. Mfadhili akiuliza mbona robo ya pili ya mwaka wa kwanza haina mshiriki hata mmoja, jibu limo tayari kwenye andiko, kwa sentensi mbili.

Kuna jambo la hesabu ambalo watafiti wa chuo kidogo hulijua kwa uchungu. NIH huipa taasisi iliyo nje ya Marekani asilimia 8 tu kwa ajili ya gharama za uendeshaji, yaani mhasibu, umeme, mkaguzi, intaneti, mlinzi. Vyuo vya Marekani hupata zaidi ya hapo mara kadhaa. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kipo Kwa Vonza, ndani ya Kitui yenyewe, na kilipata hati yake mwaka 2013, mwaka ule ule wa chanjo. Kama ruzuku ya kuwafuatilia wasichana wa Kitui ingekaa hapo badala ya Nairobi ningefurahi sana, lakini asilimia 8 haimlipi mhasibu anayejua kanuni za NIH. Fundi anayekijali chuo chake huvihamisha baadhi ya vitu hivyo, kihalali, kwenda kwenye gharama za moja kwa moja: mhasibu wa mradi kwa nusu ya muda wake, intaneti ya mradi, jenereta ya friji ya sampuli. Ndiyo kazi isiyo na utukufu kuliko zote, na imezizuia tafiti nyingi zisife.

Wala hakuna aanzaye na ruzuku kubwa. Wenye kujua mabwawa ya mchanga ya Makueni wataelewa upesi: mafuriko ya msimu mmoja huacha tabaka moja la mchanga nyuma ya ukuta, ya msimu unaofuata jingine, na maji ya kutosha hukaa humo baada ya misimu kadhaa. Ruzuku ndogo ya kwanza hununua ushahidi kwamba washiriki wanapatikana. Ya pili hupima mia mbili. Ya tatu ndiyo inayoweza kumkabili mhakiki wa NIH, ambaye hutoa alama kuanzia 1 hadi 9, moja ikiwa ndiyo bora, na ambaye maombi mengi huyaweka kando bila hata kuyajadili. Aliyekataliwa huruhusiwa kurudi na ukurasa mmoja wa kujibu hoja. Nimesoma kurasa za namna hiyo zilizojaa hasira iliyovaa tai. Nzuri nilizosoma zilimshukuru mhakiki kwa hoja mbili, zikabadilisha mpango kwa hoja hizo mbili, na hoja ya tatu, ambayo mhakiki alikosea, zikaijibu kwa takwimu bila kumwambia amekosea.

Muda nao si mwingi. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 2013 atatimiza 25 mwaka 2028 na 30 mwaka 2033. Thelathini ndio umri ambao Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchunguzi uanze kwa wanawake kwa jumla, na 25 kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Ukihesabu kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kamati ya maadili, kibali cha kaunti mbili na kukataliwa mara moja, anayetaka kuwapima wakiwa 25 anapaswa kuwa ameshaanza kuandika.

Na tabaka la kwanza halihitaji maabara. Linahitaji daftari za mahudhurio za darasa la nne na la tano za 2013 hadi 2015, rejista za chanjo zilizobaki kwenye vituo vya afya, na kadi ambazo akina mama wameziweka sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Watu wawili, pikipiki moja, simu yenye kamera nzuri, shule ishirini za kuanzia, kumi kando ya lami na kumi mbali nayo. Mwalimu mkuu wa wakati ule huenda amehamishwa. Karani wa shule mara nyingi hajahamishwa, na yeye ndiye anayejua kabati lipi halifunguki. Matokeo ni karatasi moja inayosema ni majina mangapi kati ya mia yana dozi zilizoandikwa na namba ya simu ya mzazi inayoita. Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba hata Hazina yetu wenyewe ingeweza kuilipa. Barua ya kwanza iende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti na nakala kwa idara ya afya, na iwahi kabla shule hazijafungwa Agosti.